Waipa za Gari la Ofisi

Wiki iliyopita nilimfokea kijana wa watu katika duka la vipuri pale Chang'ombe ya hapa Dodoma, na mpaka leo sijarudi kumwomba radhi. Nilikuwa nimekwenda kununua waipa. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, nami nilikuwa na safari ya Dar es Salaam. Kijana akachomoa jozi ya kwanza aliyoifikia, akachana nailoni, akanisogezea juu ya kaunta. Nilipomwambia kwamba ile ya upande wa dereva ni fupi, akatabasamu. "Dada, chukua hizi tu. Dodoma hii mvua yenyewe siku ngapi?"

Hakujua anaongea na nani. Harufu ya mpira mpya ilikwishanipanda puani, na kabla sijajizuia nilikuwa nimemuuliza kwa sauti ya juu kama amewahi kuendesha gari kwenye mvua ya Gairo kwa mwendo wa mia na ishirini, na kama hajawahi, anapata wapi ujasiri wa kumchagulia mwenzake. Wateja wakageuka kunitazama. Nikatoka bila waipa, nikakaa ndani ya gari bila kuliwasha, mwanamke mzima, kwa sababu ya maneno niliyoyasikia kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi.

Baba yangu alikuwa dereva. Wenzangu mliokulia Dodoma ile ya vumbi mnakumbuka kwamba mtoto wa dereva wa ofisi alikuwa mtu mbele ya watoto wenzake. Jina lake Athumani, mtu wa mjini tangu enzi za mababu, mrefu, mkimya, shati limenyooshwa hata siku ambayo hana safari. Aliendesha gari la ofisi ambayo sitaitaja, gari kubwa jeupe, na kazi yake ilikuwa kumpeleka mkuu wa ofisi hiyo popote alipotaka. Mkuu huyo sote tulimwita Bosi, hata mama, hata mimi, kana kwamba alikuwa bosi wa nyumba yetu pia. Bosi alipenda mwendo mkali. Aliondoka kwa kuchelewa na akataka kufika mapema, na tofauti ya hayo mawili ilikuwa juu ya mguu wa baba.

Jumamosi asubuhi baba alilileta gari nyumbani kulisafisha, na kazi yangu ilikuwa kuwa mvua. Nilipanda juu ya kigoda nikiwa na jagi la plastiki, nikamwaga maji kwenye kioo cha mbele, naye akakaa ndani akiwasha waipa na kuzitazama zinavyofuta. Alinitaka nimwage polepole, halafu kwa nguvu, halafu kwa ghafla. Nilidhani ni mchezo alioubuni kwa ajili yangu. Kumbe ndiyo ilikuwa njia pekee ya kupima waipa katika mji ambao miezi saba hauoni tone la mvua.

Alinieleza mambo hayo kama anavyoelezwa mtu mzima, na sijayasahau. Jua la Dodoma, alisema, huua mpira wa waipa kabla maji hayajaugusa. Gari linalala juani toka Mei mpaka Novemba, vumbi linakwangua, mpira unakauka na kupasuka kama kisigino, na hakuna anayejua kwamba umekufa mpaka siku ya mvua ya kwanza, ambayo haiji kwa kunyunyiza. Ndiyo maana kila alipoegesha aliinua waipa zisiguse kioo cha moto. Alinishika kidole akakipitisha kwenye ukingo wa mpira: mzuri unateleza kama ulimi wa paka mdogo, mbaya unakwaruza. Akanifundisha kwamba ya upande wa dereva lazima iwe ndefu, maana ile nusu duara inayofutwa ndiyo dunia yote ya dereva. Na kubwa kuliko yote lilikuwa upepo. Gari likisimama, alisema, kila waipa ni nzuri. Likifika mia na ishirini, upepo unapita chini ya waipa na kuinyanyua, inaelea badala ya kufuta, na dereva anabaki anatazama maji. Kwa mwendo ule zinatakiwa zenye kibawa cha kuzikandamiza chini, na mkono wenye springi iliyokaza.

Mwaka ule waipa za gari jeupe zilikuwa zimekwisha. Hata mimi mvua mdogo niliziona: maji yangu yalibaki kwenye kioo kama mistari ya daftari. Baba akaandika ofisini kuomba mpya. Aliandikia mezani kwetu, kwa kalamu ya bluu, ulimi nje kidogo ya mdomo, nami nilisimama nyuma ya bega lake nikisoma. Nilipenda sana barua za ofisini. Nilipenda neno "YAH:" lililokaa peke yake juu, limepigiwa mstari. Nilipenda pia hati za kupokelea vitu, ambazo wakati mwingine alikuja nazo nyumbani kuzijaza: "Mimi Athumani nakiri kupokea matairi mawili." Nilimuuliza maana ya nakiri. Akasema ni neno la kuandika ukipewa kitu na ofisi. Nikaliweka kichwani hivyo.

Barua ya kwanza haikujibiwa. Akaandika ya pili. Baada ya ile ya pili afisa ugavi alimpa waipa mbili fupi za gari dogo, za kubandika tu, zisizo na kibawa chochote, na mpira wake ulikuwa mgumu tangu dukani. Baba akaandika barua ya tatu kueleza kwamba zile hazifai kwa mwendo wa safari ndefu mvuani. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomleta Bosi mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, Jumapili moja akitoka kanisani, amevaa suti. Hakuingia. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia huku akimtazama baba. Alimwambia kwamba ofisi ina mambo makubwa kuliko waipa, na kwamba yeye baba anaandika sana kwa mtu ambaye kazi yake ni usukani. Halafu akacheka, akasema, "Dodoma hii, Athumani, mvua yenyewe siku ngapi?" Nami nikacheka, kwa sababu mkubwa alikuwa ametania. Baba hakucheka.

Ajali ilitokea katikati ya Januari, mchana kweupe, karibu na Kibaigwa, pale malori ya mahindi yanapopanga foleni kando ya barabara. Bosi alikuwa anawahi mkutano Morogoro. Mvua iliwakuta kabla ya soko la mahindi, mvua ile ya huku kwetu inayoshuka kama ukuta. Niliyasikia haya kwa masikio yangu, wodini, siku ya pili, baba akimweleza mama huku uso wake wote umefungwa bandeji na mdomo tu ndio unaoonekana. Alisema alipunguza mwendo mara mbili, na mara mbili Bosi akamwamuru aongeze. Alisema alimwambia, bosi sioni, naye akajibiwa kwamba anayeona mikutano ya wakubwa inavyoanza kwa wakati ni yeye Bosi. Halafu waipa ya upande wake ikanyanyuka, ikapiga kioo mara moja kwa mgongo, ikaruka. "Nilikuwa natazama maji, mama Salma," akasema. "Maji matupu." Lilipotokea lori lililoegeshwa nusu barabarani, lilikuwa limekwishafika.

Bosi alivunjika mkono. Baba aliingiwa na vipande vya kioo katika macho yote mawili. Jicho la kushoto lilikwenda siku ileile. La kulia daktari alisema linaweza kuokolewa, lakini si pale. Ilibidi apelekwe kwa wataalamu, na hilo lilihitaji ofisi iandike na kugharamia.

Siku ya tano Bosi alikuja wodini. Mkono wake ulikuwa kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni, na kwa mkono mzima alikuwa amebeba mfuko wa machungwa. Nilimpenda siku ile. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli na kwa sababu bado inaniuma. Nilipiga magoti kumwamkia, nikapokea machungwa, nikaona fahari kwamba mtu mkubwa namna ile, aliyeumia mwenyewe, amekuja kumwona baba yangu. Mama alikuwa ametoka kwenda kumfulia baba shuka. Bosi akakaa kwenye kiti cha mama, akamwuliza baba hali, akamwambia kwamba habari ya kwenda kwa wataalamu inashughulikiwa, kimebaki kitu kidogo tu: maelezo yake ya ajali. Baba akasema haoni, ataandikaje. Ndipo Bosi akanigeukia mimi.

"Nasikia wewe una mwandiko mzuri sana shuleni."

Nilikuwa nao. Nilikuwa wa kwanza kwa mwandiko darasa zima, na sijui nani alimwambia, labda baba mwenyewe katika mazungumzo ya safarini, akijivunia mwanawe. Bosi akatoa karatasi na kalamu mfukoni, akanisogezea meza ya chakula ya mgonjwa, ile yenye magurudumu. Akanitajia nianze na anwani, nikaandika. Akasema "Yah," nami nikapiga mstari chini yake ulionyooka. Akaendelea polepole, kwa sauti ya mwalimu wa imla, na mimi nikaandika kila neno: "Mimi Athumani, dereva, nakiri kwamba ajali hii ilitokana na uzembe wangu wa kuendesha kwa mwendo mkali bila kuamriwa."

Neno uzembe nililijua. Mwalimu wetu wa zamu alilitumia kila asubuhi kwa shule nzima, hata kwa watu waliowahi, kiasi kwamba lilikuwa limebaki sauti tu. Neno lililonishika lilikuwa nakiri. Moyo ukaniruka. Nilijua nakiri inaandikwa lini: ukipewa kitu na ofisi. Nikaamini, kwa akili yangu ya miaka kumi, kwamba hatimaye baba anapewa waipa, ndefu, zenye kibawa, na kwamba maneno mengine yote ni adabu ya barua za wakubwa, kama "Ndugu" mwanzoni na "mtiifu wako" mwishoni. Nikangoja sehemu inayozitaja. Haikuja. Nikainua kichwa, nikauliza, "Na waipa je?"

Bosi akasema niandike anachonitajia. Nikamtazama baba. Bandeji haikuonyesha kitu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akakohoa, ndipo mdomo wa baba ukafunguka.

"Andika, mwanangu."

Nikamalizia. Bosi akatoa kikopo cha wino, akashika kidole gumba cha baba, akakikandamiza chini ya mwandiko wangu. Akanisifu. Akanipa chungwa moja kutoka mfuko uleule aliokwisha kutupatia.

Baba alipelekwa kwa wataalamu, jicho la kulia likaokolewa nusu, likawa la kuona watu na milango lakini si maandishi. Kwa hiyo barua ya ofisi ilipofika nyumbani, Machi, aliyeisoma kwa sauti ni mimi. Tulikaa barazani, mama anachambua mchele, baba na miwani yake mipya myeusi. Nilisoma vizuri, kwa kupumua penye nukta, kama nilivyofundishwa. Nilisoma kwamba ofisi imesitisha ajira yake kwa kosa la uzembe uliosababisha hasara na majeruhi, "kama ulivyokiri mwenyewe kwa maandishi yako."

Hapo nikasimama. Sikuwa mjinga, nilikuwa mdogo tu. Niliisoma sentensi ile mara ya pili, kimya, na neno langu nililolipenda likageuka mbele ya macho yangu likawa jambo jingine kabisa. Mama aliuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia, "Si yake. Ni maandishi yangu."

Mama hakuwa amejua. Baba hakumwambia, na mimi nilidhani ni mambo ya kawaida. Ungo wa mchele ulimwagika. Alimgeukia baba, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akimuuliza jambo kwa sauti ya ukali: aliwezaje kumwandikisha mtoto uongo. Baba alijibu taratibu kwamba alikuwa na jicho moja lililobaki, na karatasi ya kulipeleka kwa daktari ilikuwa mfukoni mwa yule mtu. Mama aliokota mchele punje kwa punje, analia.

Kesho yake alivaa khanga zake za kutokea, akanishika mkono, tukaenda ofisini. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini siku nne. Siku ya kwanza tuliambiwa faili limefungwa, ya pili mhusika yuko safarini, ya tatu hatukuambiwa kitu. Mama alirudi kila asubuhi akakaa palepale, mgongo umenyooka, na kila aliyepita akamweleza kwa maneno yaleyale kwamba kukiri kwa mumewe kumeandikwa na mtoto wa darasa la nne, na mtoto ndiye huyu. Nadhani walichoka kuaibika mbele ya wageni. Siku ya nne tukaambiwa kamati itatusikiliza, na baba aje.

Kamati ilikuwa wanaume watano upande mmoja wa meza ndefu. Bosi alikuwa mmoja wao. Hilo nalirudia kwa watu mpaka leo na hakuna anayeshtuka inavyopasa: mtu aliyelalamikiwa alikuwa amekaa upande wa wanaosikiliza. Pembeni, nyuma ya mashine ya kupigia chapa, alikaa Bi Nyemo, mama wa Kigogo mwenye sauti ndogo, karani wa masjala, aliyekuwa akipokea barua zote za ofisi na kuandika kumbukumbu za vikao. Baba akaeleza habari ya waipa na barua zake tatu. Mwenyekiti akafungua faili, akalipekua mbele yetu mpaka mwisho, akasema hamna barua hata moja. Akamuuliza Bi Nyemo kama kulipata kupokewa barua za namna hiyo. Bi Nyemo akasema, akiangalia mashine yake, kwamba kilichopo ni kile kilichomo kwenye faili.

Kisha wakanipa karatasi. Mwenyekiti akanitaka niandike sentensi ileile. Niliandika, na nilijitahidi, Mungu anisamehe, niandike vizuri. Akaziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu. Hata kipofu angeona ni mkono mmoja. Mama akavuta pumzi. Nami nikahisi kitu kama ushindi kinapanda kifuani.

Mwenyekiti akaniuliza kwa upole nani alinitajia maneno yale. Nikamwonyesha Bosi kwa kidole, mtu mzima niliyemwamkia dakika chache zilizopita. Akaniuliza kama baba alikuwepo. Nikasema ndiyo. Akaniuliza baba alisema nini.

Nilikuwa nimefundishwa kusema kweli, yote. "Alisema, andika, mwanangu."

"Basi," mwenyekiti akasema, na akafunga faili. "Aliridhia."

Nikaanza kusema kwamba niliuliza habari ya waipa, kwamba niliambiwa niandike ninachotajiwa, kwamba macho yake yalikuwa yamefungwa. Akanyanyua kiganja akasema inatosha, binti, asante sana, umesaidia. Katika ukweli wangu wote walichukua maneno mawili waliyoyataka, mengine wakayaacha juu ya meza kama maganda. Bi Nyemo alikuwa ameacha kupiga chapa. Vidole vyake vilikuwa juu ya herufi, havishuki.

Uamuzi haukubadilika. Bosi alipandishwa cheo mwaka uliofuata. Baba hakuendesha gari tena. Rafiki yake mwenye duka la vipuri alimpa kiti mlangoni, na huko akawa mchaguaji wa waipa: anapapasa mpira kwa kidole, anakunja, anavuta springi, na kabla hajauza anamuuliza dereva anakwenda wapi na kwa mwendo gani. Madereva wa mabasi ya Dar walimfuata yeye hasa. Kwa miaka ishirini na zaidi alifanya hivyo, na sikumsikia hata siku moja akilitaja jina la Bosi. Mimi ndiye niliyekuwa nalitaja. Nilipokuwa sekondari nilimwambia baba kwamba angekataa. Nilimwambia hivyo zaidi ya mara moja, na kwa ukali, nikiwa na macho yangu mawili. Alinisikiliza kila mara mpaka mwisho. Sijamfokea mtu yeyote nikajuta kama hapo.

Amefariki mwaka huu. Siku ya hitma, turubai limefungwa mbele ya nyumba, wanaume nje, sisi ndani na mama aliye kwenye eda, nikasikia kwenye kipaza sauti sauti niliyoijua tangu wodini. Bosi amezeeka, anaishi mtaa wa Kikuyu hapa mjini, anatembelea fimbo. Alikuwa ameomba dakika mbili. Akasema alifanya kazi na marehemu, mtu muungwana wa aina ambayo haipo tena, mtu aliyefanya kosa la kibinadamu na akawa na ujasiri wa kulikiri.

Sikumbuki nilivyonyanyuka. Nilijikuta mlangoni, mtandio begani, wanaume wote wamegeuka. Sikupaza sauti. Nikasema baba hakukiri kitu, niliyeandika ni mimi, nilikuwa na miaka kumi, na aliyenitajia maneno ndiye huyo mwenye kipaza sauti. Shehe akanitazama, hakunizuia. Bosi naye akanitazama kwa muda, na nilichokiona usoni mwake kilikuwa kibaya kuliko hasira, maana kilikuwa kweli: alikuwa anajaribu kukumbuka na hawezi.

"Simkumbuki mtoto yeyote," akasema.

"Mimi namkumbuka."

Sauti ilitoka nyuma yangu, ndogo. Bi Nyemo alikuwa amekuja toka asubuhi, amekaa na kina mama, na mimi hata sikumtambua kwa jinsi alivyokunjamana. Alishika mlango, akasema mbele ya watu wote kwamba barua za waipa zilikuwa tatu, kwa kalamu ya bluu, alizipiga mhuri wa kupokelewa yeye mwenyewe, na kwamba wiki ya ajali Bosi alimwamuru azitoe kwenye faili, naye akazitoa na kuzichoma kwenye pipa nyuma ya ofisi. Akasema maneno ya mtoto kuhusu waipa aliyasikia kwenye kikao na akaambiwa asiyaandike, naye hakuyaandika. Alisema yote hayo bila kupumzika, kama mtu anayesoma. Bosi alirudisha kipaza sauti mezani, akaitafuta fimbo yake, akaondoka bila kuaga, na hakuna aliyenyanyuka kumsindikiza.

Nilirudi ndani. Mama alikuwa ameketi palepale kwenye jamvi, ndani ya nguo zake nyeupe, amesikia kila neno. Bi Nyemo alisimama mbele yake mikono imefumbatwa. Mama akamuuliza jambo moja tu: kwa nini leo.

Bi Nyemo alisema kwanza alikuwa anaogopa kufukuzwa kazi. Halafu akawa anasubiri mafao yake ya kustaafu.

"Na ulipoyapata?" mama akauliza.

"Nikawa naona haya kuja."

Mama akajikusanya, akasogea kwenye jamvi, akampisha akae ubavuni pake. Wanawake wengine nao wakasogea. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni. Mimi nisingempisha.